Mcheza Kwao Hutuzwa, Mbona wa Viwandani Hutozwa?

Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutuzwa. Maana yake yajulikana: mtu akicheza ngoma mbele ya jamaa zake hakosi wa kumvisha leso wala wa kumbandika noti kipajini. Lakini siku hizi upo mchezo ambao mtu huucheza kwao, ndani ya chumba chake, kwa mashine aliyoinunua mwenyewe na umeme alioulipia mwenyewe, naye hatuzwi bali hutozwa. Na asipotoa, hufungiwa mlango wa ngoma. Swali nililolichukua leo, msomaji mpenzi, ni hili: je, ni haki vijana wanaocheza michezo ya kufyatuliana risasi kupitia intaneti watozwe ada ya kila mwezi au ya kila mwaka?

Najua wako watakaosema kuwa jambo hili ni la watoto wa Ulaya na Marekani, sisi latuhusu nini? Msemaji wa maneno hayo namwomba afunge safari mpaka Nairobi, apite Eneo la Viwanda. Huko atakuta Barabara ya Likoni na Barabara ya Lunga Lunga, majina ya kwetu Pwani yaliyopandishwa bara. Atakuta maghala, viwanda vya sabuni, vya mabati na vya plastiki, na nyuma ya kuta zao atakuta vijiji vya Mukuru: kwa Njenga, kwa Reuben, na Viwandani yenyewe. Upande wa pili wa eneo atakuta mitaa ya zamani ya wafanyakazi, Kaloleni na Mbotela. Jioni king'ora kikilia na vibarua wakitoka, vijana hawaendi wote kandandani. Wengi huingia kwenye vibanda vya mabati vyenye televisheni mbili tatu na mashine za michezo, wakashika pedi mkononi.

Nimevizungukia vibanda hivyo siku kadhaa. Mchezo unaopendwa kuliko yote humo ni wa kandanda. Wa pili ni ule wa vita, ambao mchezaji huiona bunduki mbele ya macho yake kana kwamba ameishika, akawawinda wenziwe naye akiwindwa. Ndani ya kibanda wawili huketi benchi moja na kugawana kioo cha televisheni. Lakini utamu wake hasa, vijana huniambia, ni pale watu kumi, ishirini au mia, kila mmoja mji wake, wanapokutana kwa njia ya intaneti katika uwanja mmoja. Hapo ndipo ada inapoingia.

Tuieleze historia yake kwa ufupi. Michezo hii ilipoanza kuenea katika kompyuta miaka ya 1990, Doom ukiwa wa mwaka 1993 na Quake wa mwaka 1996, wachezaji walikutana bila ya kutozwa ada na mwenye mchezo. Mwenye kompyuta aliweza kuifanya kompyuta yake kuwa uwanja na wenziwe wakaingia. Mwezi wa Novemba 2002 kampuni ya Microsoft ilifungua huduma ya Xbox Live kwa ajili ya mashine yake, ada ikiwa karibu dola 50 kwa mwaka. Wenzao wa Sony waliendelea kuwaachia wateja wao bure katika mashine ya PlayStation 3. Ilipotoka PlayStation 4, Novemba 2013, nao wakafunga mlango: mtu asiyelipia PlayStation Plus hataingia katika mingi ya michezo ya kukutana na wenziwe. Wacheza kompyuta hata leo hawatozwi ada ya namna hiyo. Basi jambo hili si kanuni ya maumbile, bali ni uamuzi wa wafanyabiashara, na uamuzi wa mtu waweza kuhojiwa.

Tuanze na wanaosema kwamba ada ni haki, kwani hoja yao si dhaifu. Wanasema uwanja haujichungi wenyewe. Zipo kompyuta kubwa zinazoitwa seva, zenye kula umeme mchana na usiku na kutaka mafundi. Wapo wadanganyifu wanaoingia na programu za kuona nyuma ya ukuta na kulenga bila ya kukosea, nao wanataka askari wa kuwafukuza. Yupo mtoto anayetukanwa na mtu mzima aliye bara jingine, naye anataka mahali pa kupeleka mashtaka. Asiyelipa kitu atamdai nani?

Sisi wa Pwani si wageni wa hoja hii. Zamani za beni, Mombasa ilipogawanyika kwa ushindani wa Kingi na Skochi, wanachama walichanga kwa ajili ya sare, tarumbeta na karamu. Akina mama wa lelemama, wa vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada, walichanga vivyo hivyo ili chama chao kisitiwe haya na wapinzani. Hakuna aliyeona ajabu kuulipia mchezo. Lakini tukumbuke pia kwamba mchango wa beni ulikaa kwa wanachama wenyewe. Hesabu zilisomwa mbele yao, na mwenye msiba au arusi aliukuta mkono wa chama. Ada ya leo huondoka Viwandani ikaenda ng'ambo, na mlipaji hana kiti barazani.

Sasa tuwasikilize wanaokataa. Kijana atakwambia: mashine nimenunua, na mchezo wenyewe nimenunua. Tangu mwaka 2020 michezo mingi mikubwa imekuwa ikitolewa kwa karibu dola 70, yaani kama shilingi 9,000 za Kenya. Intaneti nalipia, na ndani ya bei ya intaneti mna ushuru wa serikali, ambao ulikuwa asilimia 15 mwaka 2018, ukapandishwa hadi 20 mwaka 2021, ukarudishwa 15 mwaka 2023. Nimekwisha kulipa mara tatu au nne, hii ya tano ni ya nini?

Akijibiwa kuwa ni ya seva, analo jawabu jingine. Katika michezo mingi mashuhuri ya aina hii hapakuwa na seva ya kampuni inayouendesha mchezo. Mashine ya mmoja wa wachezaji ndiyo iliyogeuzwa uwanja, na wengine wakaunganishwa nayo. Ndivyo ulivyokuwa Call of Duty: Modern Warfare 2 wa mwaka 2009, hata wacheza kompyuta wakapiga kelele na kuandika malalamiko kwa kunyang'anywa seva zao. Kwa hiyo mwenye Xbox alilipa ada ya uwanja, na huku uwanja ni mashine yake mwenyewe! Huyo ni sawa na mtu aliyealikwa arusini, akatakiwa alete mikeka, taa na sahani, kisha mlangoni akatozwa kiingilio.

Na isidhaniwe kwamba wachezaji wakisema hawasikilizwi. Mwaka 2011 wenye Call of Duty walianzisha huduma iitwayo Elite, ambayo daraja lake la juu lilikuwa karibu dola 50 kwa mwaka. Wakati huohuo walikuwapo wachunguzi wa biashara waliodai kwamba kampuni inapoteza mali kwa kuwaacha watu wacheze miezi na miezi kwa bei ya kununua mara moja tu. Mwaka uliofuata ada ile iliondolewa, na mwaka 2014 huduma yenyewe ikafungwa. Januari 2021 Microsoft walitangaza kuipandisha ada yao, karibu maradufu kwa mlipaji wa mwaka. Kelele zikawa kubwa hata wakalifuta tangazo siku ileile, na miezi michache baadaye wakaondoa ada katika michezo inayotolewa bure.

Hapa naomba msomaji achukue kalamu, maana jambo la pesa halisemwi kwa maneno matupu. Bei ya PlayStation Plus ya daraja la chini huko Marekani Septemba 2023 ilikuwa dola 79 na senti 99 kwa mwaka, au dola 9 na senti 99 kwa mwezi. Kwa kadiri ya shilingi 130 kwa dola, ada ya mwaka ni kama shilingi 10,400. Amri ya kima cha chini cha mishahara ya mwaka 2022 ilimwekea kibarua wa kawaida wa Nairobi shilingi 15,201 na senti 65 kwa mwezi, na mwaka 2024 kikaongezwa asilimia 6. Hata baada ya nyongeza hiyo, ada ya mwaka ni karibu thuluthi mbili ya mshahara wa mwezi mzima. Kibarua hawezi kuutoa mshahara wake kwa mkupuo, basi atalipa kwa mwezi, shilingi 1,300. Akilipa miezi 12 atakuwa ametoa kama 15,600. Mwenye nafasi ametoa 10,400, naye asiye na nafasi ametoa nusu yake zaidi, kwa mchezo uleule na uwanja uleule.

Jambo hili watu wa Mukuru hawahitaji kufundishwa. Serikali ya Jiji la Nairobi ilipoitangaza Mukuru kuwa eneo la mipango maalumu, Agosti 2017, moja katika mambo yaliyokuwa yamekwisha kubainishwa na uchunguzi ni kwamba mkaazi wa vijiji hivyo, kwa kila kipimo cha maji na cha umeme, hulipa zaidi kuliko mkaazi wa mitaa ya wenye mali. Maji ya mtungi ni ghali kuliko maji ya bomba. Ada ya mwezi ni maji ya mtungi.

Nimekutana na kijana mmoja mzaliwa wa Kisauni, anayefanya kazi katika ghala moja la Viwandani. Jina lake nalihifadhi. Nduguye mkubwa ni mlinzi Doha, na kila mmoja amenunua mashine iliyokwisha tumika. Nilipomuuliza kwa nini ajitaabishe na ada, alinijibu:

"Ami, mimi si mchezaji mkubwa. Lakini kaka tangu aondoke ni mwaka wa tatu. Nikimpigia simu, tunaulizana hali, tunaulizana mama, maneno yamekwisha. Tukiingia mchezoni tunakaa saa nzima, tunacheka, ananizomea nikifa. Ndiyo baraza yetu."

"Na ada waipata wapi?"

"Mwezi huu nalipa, mwezi ujao naruka. Nikiruka, kaka huniambia leo nimecheza na Wafilipino."

Kisha akaniambia neno lililonikaa moyoni. Akaunti yake imeandikwa kwamba anaishi London. Si kwa kupenda kujikweza, bali kwa kuwa katika orodha ya nchi alizopewa kuchagua hakuiona Kenya. Kadi za kulipia huzinunua kwa dalali wa mjini, ambaye naye huongeza chake. "Nimeandika naishi London, Ami, nami nalala Mukuru. Siku wakinifungia, nitashtaki wapi?"

Kijana huyu hakukosea. Jambo hili lilidhihirika mbele ya ulimwengu mwezi wa Mei 2024. Ulikuwapo mchezo wa kufyatua risasi uitwao Helldivers 2, uliokuwa ukiuzwa kwa wenye kompyuta duniani kote. Sony wakatangaza kwamba kila mchezaji sharti awe na akaunti ya PlayStation. Kumbe nchi ambazo hazikuwa na haki ya akaunti hiyo zilikuwa zaidi ya 170, nyingi za Afrika zikiwamo! Mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi hizo. Wachezaji walipokuja juu, sharti lile likafutwa kwa muda wa siku chache. Lakini funzo limebaki: pesa ya Mwafrika hupokewa, jina la nchi yake halipokewi. Na mtu kutozwa ada ya nyumba ambayo hakuandikwa kuwa mkaazi wake ni jambo la kuchukiza.

Wengi watasema, kama ada ni hivyo, basi dawa ni mchezo wa bure. Na kweli vijana wengi wa Viwandani wasio na mashine wamekimbilia simu, ambako Call of Duty: Mobile uliotolewa Oktoba 2019, PUBG Mobile na Free Fire huingiwa bila ya kiingilio, ila bando tu. Hapa ndipo ninapotaka tusimame, maana bure hii ina sumu yake.

Mwenye mchezo wa bure naye anataka kula. Hula kwa kuuza mavazi, rangi za bunduki na mapambo, na hilo peke yake si kosa. Kosa huja pale anapouza kisanduku kilichofungwa, mnunuzi asijue kilichomo, naye akalipa kwa matumaini kwamba humo mna kitu adimu. Akikosa, hulipa tena. Aprili 2018 tume ya michezo ya bahati ya Ubelgiji iliamua kwamba visanduku vya namna hiyo vilivyokuwa katika Overwatch, Counter-Strike: Global Offensive na FIFA 18 vinavunja sheria ya kamari ya nchi ile. Wabelgiji wengi si Waislamu, lakini wamekiona tulichofundishwa tukiwa wadogo juu ya mkeka.

Mimi si mufti, na wenye elimu wapo. Ila kila aliyepita chuoni anajua kuwa ijara ina masharti yake: manfaa yajulikane, muda ujulikane, na ujira ujulikane. Ada ya mwezi, yakitimia hayo, ni kama kukodi chombo kuvukia: wajua nauli, wajua bandari. Kisanduku kilichofungwa kina gharar, kuuziana kisichojulikana, na kimejongea penye maisiri iliyotajwa katika Suratul Maida, aya ya 90. Kwa hiyo kati ya ada ya wazi na bure yenye kisanduku, ada ndiyo yenye uso. Cha mlevi huliwa na mgema, na mtoto aliyelevywa na visanduku huliwa mpaka pesa za karo.

Niliyaweka mawazo haya katika ubeti mmoja:

Mchezo una gharama, mlinzi yu uwanjani,
Alipwe kwa taadhima, bei iwe hadharani,
Ila bure yenye njama, hutuchoma mfukoni,
Cha bure kina lawama, mwisho hulipwa na nani?

Lakini kusema ada yaweza kuwa halali si kusema ada ya leo ni ya haki. Kibanda cha Viwandani chaweza kuwafundisha wakubwa wa ng'ambo. Mwenye kibanda mmoja wa karibu na Lunga Lunga, aliyekuwa akikusanya pesa katika kopo la maziwa, alinieleza biashara yake: mechi moja shilingi 20, aliyeshindwa huinuka, aliyeshinda hubaki, na asiye na pesa husimama mlangoni kutazama. "Mzee, hapa hakuna wa kulipa mwezi," alisema. "Mtu hulipa alichocheza. Umeme ukipotea katikati ya mechi, namrudishia yake."

Tazama, msomaji, uadilifu uliomo katika kopo lile. Tajiri na maskini hulipa bei moja. Asiyecheza halipi. Huduma ikikatika, pesa hurudi. Na tena, mchezo una mwisho. Ada ya mwezi huja na maradhi yake: mtu akiisha kulipa huona kila siku asiyocheza ni hasara, basi hucheza hata asipotaka, ili pesa isiende bure. Mchezo wa intaneti nao hausimami ukamngoja mtu. Adhana ikilia, wa kibandani huweka pedi chini na mechi ikasimama. Wa kwenye intaneti akiondoka huwaangusha wenziwe, basi hukaa mpaka wakati ukapita. Pesa shilingi 1,300 zaweza kupatikana tena, saa iliyopita haipatikani.

Basi rai yangu ni hii. Kijana atozwe, ila kwa masharti. Kwanza, atozwe pale ambapo kweli kuna uwanja wa kampuni na mlinzi wake, wala si kwa kuitumia mashine yake mwenyewe. Pili, mlipaji wa mwezi, wa wiki au wa siku asitozwe kwa kipimo kizito kuliko mlipaji wa mwaka. Nchi iliyowazoeza watu wake kulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa tangu mwaka 2007 haishindwi kulipa ada ya siku moja, kama kampuni zitakubali kuipokea. Tatu, Kenya iandikwe katika orodha kwa jina lake, na malipo yapokewe kwa shilingi, ili mlipaji awe na pa kudai. Nne, ada ikifika mwisho wake isijirudie yenyewe mpaka mlipaji aseme ndiyo.

Nanyi wazazi, msiridhike kwa kusikia mchezo ni wa bure. Muulizeni mtoto ananunua nini humo ndani. Tazameni umri ulioandikwa, kwani mingi ya michezo hii, Call of Duty ukiwamo, kule inakotengenezwa haikukusudiwa watoto wa chini ya miaka 17 au 18. Na msiwe wepesi wa kuivunja mashine. Kijana wa Kisauni nimemwona akiingia zamu ya usiku akiwa na furaha, kwa kuwa alasiri ile alikuwa na nduguye. Mwezi ule alikuwa amelipa. Mwezi uliofuata ulikuwa wa kuruka.